Aliyejificha Nyuma ya Wahenga

Jumapili moja nilimsindikiza mdogo wangu katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, kununua leso ya kumpelekea mama mkwe wake. Ilikuwa zawadi yake ya kwanza kwa mama huyo tangu aolewe, naye alikuwa amejiandaa kubishana juu ya rangi na bei. Muuzaji, mama wa makamo aliyekuwa amepanga leso zake juu ya turubai, hakumuuliza rangi. Alimuuliza leso ni ya nani. Alipoambiwa ni ya mama mkwe, alianza kuyasoma majina kwa sauti, leso moja baada ya nyingine, akizitoa na kuzirudisha, mpaka mdogo wangu alipoivuta moja ya zambarau iliyokuwa imemvutia, yenye jina lisemalo "Akufukuzaye hakwambii toka". Yule mama aliichukua taratibu mkononi mwake, akaikunja. "Hii hapana, mwanangu," akasema. "Ukimpelekea hii utakuwa umemwambia neno ambalo hukukusudia. Hii mtu huinunua ajivalie mwenyewe."

Maneno ni yale yale matatu, na hayakubadilika hata herufi moja kutoka juu ya turubai hadi mkononi mwa mdogo wangu. Kilichobadilika ni nani angeonekana anamwambia nani. Mke anayepuuzwa nyumbani akijifunga leso hiyo na kupita mbele ya mawifi zake, amelalamika bila kufungua mdomo, na hakuna awezaye kumshika kwa neno lake, kwa kuwa yeye amevaa nguo tu. Mkaza mwana akimkabidhi mama mkwe nguo hiyo hiyo, amemshtaki. Tangu siku ile nimeamini kwamba usemi, uwe methali ya kale au jina la leso, ni mahali pa kujificha, na kwamba hatuwezi kuupima kabla ya kujua ni nani aliyejificha nyuma yake na anajificha asionwe na nani.

Hata hivyo, tumezoea kuzisoma methali katika orodha. Mmisionari Mwingereza W. E. Taylor alichapisha mkusanyo wa semi za Kiswahili mwaka 1891, na tangu hapo vitabu vya aina hiyo havijakoma: methali upande wa kushoto, maana upande wa kulia, kana kwamba maana ya methali ni kitu kinachoweza kuandikwa mara moja kikaisha. Shuleni mazoea hayo huimarishwa. Katika karatasi ya insha ya kidato cha nne, ile ambayo walimu wa Kiswahili huiita 102/1, mtahiniwa mara nyingi hupewa methali na kutakiwa atunge kisa kitakachoithibitisha. Nimesahihisha mamia ya visa vya namna hiyo katika miaka yangu ya ualimu. Katika visa hivyo methali haishindwi kamwe: mkaidi huvunjika mguu, mwenye subira hupata, mwizi hukamatwa katika aya ya mwisho. Mtoto anayefunzwa hivyo kwa miaka mingi humaliza shule akiamini kwamba methali ni sheria ya ulimwengu, ilhali wale waliozitunga walijua vyema kwamba sivyo, na ndiyo sababu walituachia "Haraka haraka haina baraka" pamoja na "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", na waliposema "Mgeni njoo, mwenyeji apone" hawakusita kuongeza kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haya si makosa ya wahenga. Yanaonyesha kwamba kila methali ilisemwa na mtu aliyekuwa na jambo la kutetea siku hiyo.

Uzuri wa methali wenyewe ni sehemu ya utetezi huo. Chukua "Haba na haba hujaza kibaba". Kibaba ni kipimo cha nafaka cha pwani ambacho wengi wetu huku magharibi hatujawahi kukishika. Sokoni kwetu mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro. Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu waijaribu methali hiyo kwa gorogoro, nao wakaona mara moja kwamba maana imebaki nzima na usemi umekufa, kwa sababu uhai wake ulikuwa katika silabi ile ya "ba" inayodondoka mara kwa mara kama punje zinazodondoka katika chombo. Katika "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", mguu umekubali kupoteza konsonanti yake ya kwanza ili uitikiane na mkuu. Hii ni sanaa kamili, ya watu waliojua kupima sauti kama fundi anavyopima mbao, na naipenda kwa moyo wangu wote. Lakini nimejifunza pia kuihofia, kwa maana sikio likisharidhika akili huacha kuuliza. Tunakubali kwamba mtoto atavunjika mguu kwa sababu vina vimekubaliana.

Kuhusu mapenzi, semi zetu zina macho makali kuliko tunavyozisifia. Watu hupenda kurudia kwamba mapenzi ni upofu, na hapo hufikiri wamesema yote. Kiswahili kimeona mbali zaidi katika "Ukipenda, chongo huita kengeza". Mpenzi wa methali hii si kipofu hata kidogo. Ameliona jicho lililoharibika, anajua lina kasoro, na hasemi kwamba ni zima. Anachofanya ni kuchagua jina dogo zaidi kati ya majina ya kasoro. Kupenda hapa ni kazi ya ulimi inayofanywa na mtu aliye macho, tena kila siku. Na ile ya leso ya zambarau inatazama upande wa pili, pale ulimi unapoacha kufanya kazi hiyo. Anayekufukuza hatumii neno la kufukuza. Chakula huchelewa, kiti chako huhamishiwa karibu na mlango, jina lako la utani husahaulika ukaitwa jina la kitambulisho. Sijaona mahali pengine ambapo mwisho wa mapenzi umeelezwa kikamilifu hivyo bila kutaja mapenzi, na nadhani aliyeyasema maneno hayo kwanza alikuwa mtu asiye na nguvu katika nyumba hiyo, kwa kuwa mwenye nguvu hana haja ya kusoma alama ndogo ndogo za namna hiyo.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, juu ya nguvu. Nilifundisha kwa muda katika shule moja ya binafsi mjini Nakuru, kabla mji huo haujapewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Mshahara ulichelewa mwezi mmoja, kisha miwili, kisha minne. Kila tulipoitwa mkutanoni, mwenye shule alitusikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema kwa sauti ya upole, "Walimu wangu, wahenga walisema mvumilivu hula mbivu." Hakutaja tarehe ya malipo. Aliyeahidi hakuwa yeye, walikuwa wahenga, na mtu hawezi kuwafuata wahenga ofisini kudai karo ya watoto wake. Siku moja mwenzetu wa hesabu, mtu mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alisimama na kujibu kwa heshima kwamba wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hakuna aliyecheka. Muhula uliofuata alipangiwa vipindi vyote vya jioni na zamu za Jumamosi, na kabla mwaka haujaisha aliondoka. Wote wawili walikuwa wamejifunika nguo moja, lakini mmoja ilimsitiri na mwingine ikamwacha wazi.

Methali hiyo ya mvumilivu nimeisikia pia ikisemwa kwa mwanamke aliyerudi kwa wazazi wake usiku akiwa na uvimbe usoni. Aliyeisema hakuwa adui yake. Alikuwa shangazi yake, na aliisema huku akimkandia maji ya uvuguvugu. Siwezi kuyasahau maneno hayo wala siwezi kuyasamehe kwa urahisi, kwa sababu uvumilivu ulioshauriwa usiku ule ulikuwa wa mwili wa mtu mwingine. Nyanya yangu naye alikuwa akinitamkia maneno hayo hayo nilipokuwa nikirudia mtihani, yeye aliyekuwa amelima vishamba vya kukodi miaka mingi hadi akanunua chake, na kinywani mwake yalikuwa ya kweli, kwa maana alikuwa akinipa kitu alichokilipia. Kama kuna kipimo ninachokiamini katika suala hili, ni hicho: anayesema uvumilie, je, ameshiriki katika gharama?

Kuna atakayenijibu kwamba, ikiwa hivyo, basi heri kila mtu aseme kwa jina lake mwenyewe na kuwaacha wahenga wapumzike. Historia ya eneo letu inanizuia kukubali. Mnamo tarehe 23 Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, katika eneo la Gem, kulalamikia serikali ya kikoloni: kodi iliyokuwa ikipanda, kipande cha utambulisho walicholazimishwa kubeba, kazi za shuruti, na hofu ya kupoteza ardhi baada ya nchi kugeuzwa koloni mwaka 1920. Kutokana na mkutano huo kiliundwa chama cha Young Kavirondo Association, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti, lakini jina lililobaki vinywani mwa watu ni Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walioongoza walikuwa na majina, tena wengi wao walikuwa vijana waliosoma shule za misheni na kujulikana vizuri na maafisa. Hata hivyo walijua kwamba mtu mmoja akisema hukamatwa, ilhali nchi ikisema ni vigumu kuitia pingu. Maneno mawili tu, bila mwenyewe, yakawa ngao ya watu ambao hawakuwa na ngao nyingine. Mke aliyejifunga leso anatumia hila hiyo hiyo, na kijana anayemwanzia mzee wa ukoo kwa "wahenga walisema" anaitumia pia, kwa kuwa bila wahenga mbele yake angeambiwa hana adabu kabla hajamaliza sentensi. Kujificha nyuma ya usemi ni haki ya mnyonge anayezungumza na mwenye nguvu. Ninachokipinga ni mwenye nguvu kuingia katika maficho hayo na kumtupia mnyonge mawe kutoka humo.

Wakati mwingine aliyejificha humo ni chuki. Reli ilipofika hapa mwezi Desemba 1901, mahali hapa pakiitwa Port Florence, ilikuwa imejengwa kwa jasho la vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na baadaye wafanyabiashara wa asili hiyo wakafungua maduka ambayo bado yanasimama katikati ya jiji. Methali "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" ilitangulia reli; ilisafiri kutoka pwani na kutukuta huku. Nilikuwa nikiifundisha kama vitabu vinavyoifasiri, kwamba usiyempenda anaweza kuwa na manufaa, mpaka mwanafunzi mmoja wa asili ya Kihindi aliponiuliza, kwa heshima na bila kuinua macho sana, kwa nini kiatu kiwe kizuri na mwenye kiatu awe mbaya. Nilitafuta jibu kitabuni na ubaoni nikalikosa. Nusu ya kwanza ya methali hiyo haina ushahidi wowote. Nusu ya pili ina ushahidi, nao unampinga msemaji mwenyewe, anayekiri kwamba amepona kwa mali ya mtu anayemtukana. Siku hizi naifundisha kama picha ya msemaji. Humo tunaona tabia yetu sisi wanadamu, kupokea kwa mkono wa kulia na kusengenya kwa ulimi ule ule tuliotumia kushukuru.

Sasa tumeingia katika namna ya tatu ya kutumia semi, ambayo inanihuzunisha zaidi ya mbili nilizozitaja. Kila asubuhi simu yangu hupokea picha za jua likichomoza ziwani, zikiwa na sentensi juu ya maisha na chini yake jina la mtu mkubwa. Mara nyingi jina hilo halihusiki. Yale maneno mashuhuri kwamba hofu yetu kuu si kwamba sisi ni dhaifu hutumwa kama sehemu ya hotuba ya Nelson Mandela alipoapishwa tarehe 10 Mei 1994, lakini hayamo katika hotuba hiyo. Ni ya Mmarekani Marianne Williamson, aliyeyachapisha mwaka 1992. Anayeyatuma hajadanganya kwa makusudi. Ameona tu kwamba yanastahili mdomo mkubwa zaidi ya ule yalikotoka, na kwa kufanya hivyo ametunyima nafasi ya kuuliza Mandela, aliyefungwa miaka 27, angeizungumziaje hofu kwa maneno yake mwenyewe.

Lililonigusa zaidi ni la mwandishi Amadou Hampâté Bâ wa Mali. Mwaka 1960, katika shirika la UNESCO, alisema kwamba Afrika anapokufa mzee ni maktaba inayoungua. Alikuwa akiomba msaada wa kuhifadhi maarifa ya wazee halisi, watu wenye majina na vijiji, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameketi mbele yao akiandika. Leo sentensi hiyo huzunguka duniani kama "methali ya Kiafrika", jina lake likiwa limeng'olewa. Maktaba aliyoililia imeungua kwa namna ambayo hakuitarajia, na yeye akiwa ndani.

Neno lenyewe "methali ya Kiafrika" linapaswa kututia shaka. Methali huzaliwa katika lugha, na lugha ina jiko lake. Waluo husema "Alot michayo ema tieko kuon", yaani mboga uliyoidharau ndiyo inayoumaliza ugali. Kuna chungu katika usemi huo, kuna mtu aliyekunja uso alipowekewa mboga za kienyeji, na kuna saa ya baadaye ambapo kitoweo alichokitaka kimekwisha na bado ana ugali mkononi. Ukiuondoa katika jiko hilo na kuuandika kwamba usidharau vitu vidogo, umebakiza onyo ambalo lingeweza kutolewa na yeyote, popote, kwa yeyote.

Ndiyo maana nathamini sanaa zile za kwetu ambazo bado hazimruhusu msemaji kujiondoa katika usemi wake. Katika ngoma za Waluo kuna pakruok. Mpigaji nyatiti anapoendelea na wimbo wake, nyuzi nane zikilia, pete ya chuma katika kidole cha mguu ikigonga ubao wa ala, msikilizaji mmoja husimama, hutoa pesa, na muziki hunyamazishwa ili yeye ajisifu au amsifu rafiki yake, kwa tamathali alizozisuka mwenyewe juu ya ukoo wake, ng'ombe wake, mpenzi wake au kijiji cha mama yake. Amelipia nafasi hiyo, uso wake unaonekana, na akisema neno lisilo na ladha waliohudhuria watamjulisha papo hapo. Usemi mzuri ukizaliwa hapo hubaki jina lake kwa miaka. Watu humwita kwa sentensi yake hata anapopita barabarani na baiskeli.

Kwa Wabukusu wa Bungoma kuna khuswala kumuse, hotuba inayotolewa baada ya mazishi ya mzee aliyeishi miaka mingi. Mnenaji si yeyote aliyejitolea. Hutoka katika koo zinazokubaliwa kwa kazi hiyo, hutembea huku na huko mbele ya watu walioketi kimya, fimbo mkononi, akisimulia asili ya watu, akionya, akiwafariji waliofiwa, akipenyeza methali moja baada ya nyingine. Hapo methali zinamjia mtu aliyezikwa juzi na watoto wake walioketi mbele, na kila mmoja anajua ipi imerushwa kwa nani. Mwana aliyemtelekeza baba yake husikia ile inayomhusu na kuinamisha kichwa, bila kutajwa. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na katika uwanja ule werevu hulazimika kuwa wengi. Nilihudhuria moja nikiwa kijana, na ingawa Kibukusu changu kilikuwa cha kubahatisha, nilielewa kwa migongo ya watu ni wapi neno limepiga.

Mdogo wangu hakuichukua ile ya zambarau. Baada ya kuzipitia nyingi, yule mama alimtolea leso ya manjano iliyoandikwa "Wema hauozi", akamwambia hiyo inapelekwa popote. Tulienda Yala wiki iliyofuata. Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akaikunjua yote juu ya mapaja yake hadi maandishi yakaonekana, akayasoma polepole, akanyamaza kwa muda uliotosha kumfanya mdogo wangu aache kunywa chai. Kisha akamtazama. "Ni wema upi huu, nyathina, mwanangu," akauliza, "na nani aliutenda?"

"Ni wako, mama," mdogo wangu akajibu. "Wa kumlea."

Akaikunja tena katika mikunjo yake ile ile, akaiweka karibu naye kitini, na kumwambia asogee ale.